Picha ya Kumi na Mbili

Nikisimulia habari hii, watu wema hunikatiza kabla sijafika mwisho. "Lakini mzee, hiyo ilikuwa bahati mbaya tu." Haikuwa bahati mbaya. Jua lilikuwa linawaka, akili zangu zilikuwa timamu, na kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Kwa hivyo nawaomba mnivumilie niimalize, halafu mkitaka kunifariji mtanifariji.

Ilikuwa miaka ile miwa ilipokuwa miwa. Matrekta yalipita mchana kutwa yakielekea kiwandani, barabara imejaa mabua yaliyoanguka, na mkulima akishalipwa mavuno yake alinunua vitu kwa mpangilio mmoja: mabati, redio, baiskeli. Kisha alikuja kwetu apigwe picha kando ya hiyo baiskeli. Mjini Kakamega tulikuwa wapiga picha wanne wa kutegemewa, na wote wanne mifuko yetu ilikuwa imenenepa.

Kazi ilikuwepo, lakini ilikuwa kazi ya aina moja. Harusi, ubatizo, matanga, baiskeli. Ndiyo maana tukaanzisha mkutano wetu wa Jumapili, baada ya kanisa, nyuma ya studio ya mkubwa wetu. Yeye ndiye aliyekuwa na umri kutushinda, na mikono yake ilikuwa na subira: alikuwa akichonga penseli hadi inakuwa sindano, kisha anarekebisha filamu kwa hiyo penseli, anafuta chunusi, anafumbua jicho lililolala. Kila mmoja wetu alileta picha moja, picha ambayo hakuna mteja aliyeiagiza, akaiweka mezani. Halafu mwenye picha alipewa kipande cha muwa atafune. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mradi una muwa mdomoni, huna ruhusa ya kusema. Wenzako wanaichambua picha yako wapendavyo, na wewe unatafuna tu, mpaka uteme makapi ya mwisho. Mkubwa wetu alisema picha inayohitaji mwenyewe asimame kando yake akiieleza haijaiva.

Mimi nilishikwa na wazimu wa bahari. Msiniulize ulitoka wapi, maana nilizaliwa mbali na maji yoyote yasiyoweza kuvukwa kwa miguu. Nadhani ni kalenda moja niliyoiona kwa daktari, yenye mawe meusi na maji yanayapiga na hakuna binadamu hata mmoja. Nikasema hiyo ndiyo picha ya mtu mzima. Nikaenda Port Victoria kwenye ziwa, nikatafuta mawe, nikapiga. Jumapili nikaleta.

Mwenzetu mmoja mwembamba, bingwa wa harusi, aliinua picha yangu, akaitazama, kisha akaigeuza juu chini. "Hivi ni afadhali," akasema. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mkubwa wetu hakucheka. Aliuliza tu, "Maji nimeyaona. Mawe nimeyaona. Sasa niangalie nini?" Nami nikatafuna muwa wangu kwa hasira kiasi kwamba nilijiuma ulimi. Niliapa kimoyomoyo kwamba siku moja nitawawekea mezani kitu kitakachowafunga midomo.

Nafasi ikaja. Kikundi cha wakulima wa miwa kiliandaliwa ziara ya kwenda kuona maonyesho ya kilimo Mombasa, na mimi nikachaguliwa kuwapiga picha. Nililala nikiota povu.

Siku ya mwisho kabla ya safari nilikuwa na kazi Matungu. Mama mmoja alikuwa amekuja studio mara tatu kunibembeleza niende kwao nikampige mamake picha. Yule kikongwe hakuwa amepigwa picha maishani mwake. "Mama hakuwanga mtu wa picha," binti alinieleza. "Anasemanga mnaijua sura yangu, ya nini kuiweka kwa karatasi? Lakini mwaka huu amekubali. Njoo haraka kabla hajabadilisha."

Nilienda na baiskeli, kamera mgongoni. Ilikuwa ile kubwa yangu ya macho mawili, ya kizamani, ambayo unaiangalia kutoka juu. Filamu yake ilikuwa na nafasi kumi na mbili basi, na ukishapiga ilibidi uzungushe filamu kwa mkono. Usipozungusha, picha mpya inakaa juu ya ile ya zamani, na kamera haikukatazi. Nafasi kumi za kwanza zilikuwa zimekwenda kwa ubatizo huko Butali. Zilibaki mbili, na mbili ndizo nilizohitaji.

Nieleze hapo, maana ndipo dhambi yenyewe ilipo. Mzee ambaye hajawahi kupigwa picha, unampiga mara mbili. Ya kwanza ni ya kutoa woga. Anakaza shingo, anafumba macho, anakunja mdomo. Akisikia mlio na kuona hajadhurika, analegea, na hapo ndipo unapiga ya pili. Ya pili ndiyo yenyewe. Kanuni hii niliijua vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu.

Kikongwe alikataa kusimama karibu na redio. Alikataa kiti cha sofa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, nyuma yake giza la nyumba, amevaa gauni jipya la bluu iliyoiva alilonunuliwa na bintiye. Nikapiga ya kumi na moja. Alikaza uso wote. Kisha akaniuliza, "Umemaliza? Mbona sijaona kitu kikitoka?" Binti akaangua kicheko, na kikongwe, akiwa bado ananitazama mimi moja kwa moja, akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Nikapiga ya kumi na mbili. Nilijua papo hapo kwamba nimeipata. Mpiga picha hujua.

Mvua ikaanza. Nikafunga kamera ndani ya mfuko wa nailoni bila kuzungusha filamu, nikasema nitaitoa nikifika, nikaondoka mbio. Nikafika nimelowa, nikafungasha, na alfajiri basi la wakulima likaondoka na kamera zangu mbili. Sikuitoa. Huo ni uzembe, na uzembe ningeusamehe.

Mombasa, wakulima walinimaliza. Kila mmoja alitaka picha yake peke yake, suruali imekunjwa, viatu mkononi, maji kwenye vifundo. Kufikia siku ya pili filamu zote za kamera ndogo zilikuwa zimekwisha, na ya akiba ya kamera kubwa sikuwa nimebeba. Siku ya tatu tukaachiwa mchana mzima tutembee. Wenzangu wakaenda kununua leso za wake zao. Mimi nilivuka kivuko cha Likoni, nikaulizia mahali penye mawe, nikaonyeshwa, nikatembea mpaka nikafika. Nilibeba kamera kubwa kwa mazoea tu. Nilijiambia nitaangalia kwa kioo chake, nijifunze, nirudi siku nyingine.

Nilipofika hapakuwa na bahari. Nilikuta mawe makavu yenye ncha kali na vidimbwi, na maji yako mbali huko yamelala. Nikakasirika, nikaona nimedanganywa. Nikashuka mpaka chini kabisa, nikakaa juu ya jiwe. Sikujua kwamba bahari huondoka na kurudi. Mito yetu haina tabia hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza alipita akaniangalia. "Baba, panda juu. Yanajaa hayo, na leo bahari chafu."

Nilipanda nusu tu. Nayo maji yakaja. Jamani! Yalikuja yakijikunja kwenye mianya ya miamba, yakapiga, yakaruka juu kupita kichwa changu, yakamwagika meupe juu ya mwamba mweusi mmoja uliosimama peke yake. Jua lilikuwa upande, kila tone linaonekana. Nikafungua kifuniko cha juu cha kamera nikatazama kwa kioo, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwamba uko katikati, povu linashuka pande zote. Niliiona picha ile iko mezani tayari, na yule bingwa wa harusi mwembamba ameishika na hana la kusema.

Nikakumbuka filamu iliyo ndani. Nilifikiri kwa maneno, nayakumbuka: Nina mbili za yule mama. Moja itatosha. Hata nilijiongezea: nikirudi nitaenda Matungu nimpige tena, bure, atafurahi. Nilijua "moja" inayobaki ni ipi. Nilijua ni ile ya woga. Nikangoja wimbi kubwa, na lilipopanda nikabonyeza, juu ya yule mama, bila kuzungusha.

Nyumbani, Ijumaa, niliiosha ile filamu. Ya kumi na moja ilikuwa kama nilivyojua: macho yamefumbwa, mdomo umepinda, sura ya mtu anayengoja kuchomwa sindano. Ya kumi na mbili nikaitoa kwenye karatasi, nikaangalia ikijitokeza kwenye maji ya dawa. Kwanza ukaja mwamba. Halafu ndani ya mwamba, palipokuwa peusi, ukaja uso. Gauni lake limegeuka povu, mapaja yake yamekuwa maji, na uso umekaa ndani ya jiwe, macho yanakutazama, na utepe mmoja mweupe wa maji umekatiza shavu ukapita juu ya mdomo.

Ningependa kusema nilihuzunika. Nilifurahi! Nilifurahi peke yangu kwenye chumba cha giza mpaka nikapiga meza. Hilo ndilo linanitia haya kuliko yote. Hofu ilikuja baadaye sana, na furaha ilikuwa imeshatangulia.

Jumapili nikaiweka mezani nikapewa muwa wangu. Waliweka vikombe chini. Mwembamba aliishika kwa ncha za vidole, hakuigeuza. "Huyu umemtoa wapi?" akauliza, kisha akajibu mwenyewe, "Ameipanga. Huyu jamaa ameipanga kichwani, akampiga mama kwanza, akambeba mpaka baharini." Mwingine akasema tangu aanze kazi hajaona kitu kama hicho. Walinisifu kwa ujanja ambao sikuwa nao. Nami nilikuwa na muwa mdomoni. Sheria ni sheria. Ningeweza kutema nikasema, "Hapana, ndugu zangu, nimeharibu picha ya mtu." Badala yake nilitafuna polepole, nikautafuna mpaka ukabaki nyuzi kavu, na niliponyanyuka kutema makapi mazungumzo yalikuwa yamehamia mambo mengine. Mkubwa wetu peke yake hakuwa amesema lolote. Aliomba tu abaki na nakala moja, aitundike kwake.

Jumanne binti wa Matungu akaja.

Alikuwa na kuku chini ya kwapa na kitambaa cheusi kichwani, na kabla hajafungua mdomo nilijua. Tukasalimiana mulembe. Akasema, "Mama ametuacha Jumamosi. Hakuugua, alilala tu. Nimekuja kuchukua ile picha. Tunazika kesho kutwa, tunataka tuiweke juu ya sanduku, watu wa mbali wamwone."

Picha ilikuwa pale mezani, imefunikwa na gazeti. Mkono wangu ulikuwa juu ya gazeti.

"Filamu iliingiwa na mwanga, mama," nikasema. "Iliungua."

"Yote?"

"Yote."

"Si ulimpiga mara mbili? Mimi nilihesabu."

"Zote mbili."

Alikaa kwenye benchi la wateja. Aliangalia viatu vyake, vyekundu kwa udongo. Nilikuwa na ile ya kumi na moja kwenye droo, na nilifikiria kumpa, lakini kwa macho yale yaliyofumbwa ingekuwa ni kumpa maiti mara ya pili. Na pia, niseme kweli, kama moja imetoka basi nyingine iko wapi? Uongo wangu ulitaka zote ziwe zimeungua. Kwa hivyo droo ilibaki imefungwa.

"Basi," akasema. "Hiyo ni Mungu. Si wewe." Akasimama, akanikabidhi kuku. "Ulitoka mbali na baiskeli, ukanyeshewa. Mama alikuwa amesema usikose ingokho. Huyu ni wako."

Nilikataa. Naapa nilikataa mara mbili. Lakini kukataa kuku wa mtu kwetu ni kumtukana, tena mtu wa matanga, na yeye alikwishaniwekea mikononi na kutoka. Mke wangu alimpika Jumapili iliyofuata, na obusuma, ugali wetu, na mchuzi mzito, na watoto wakagombania mapaja. Mimi niliwekewa firigisi kama mwenye nyumba. Niliimeza kama dawa. Mke wangu akaniuliza, "Kwani chumvi imezidi?" Nikasema haijazidi. Nikamaliza sahani.

Miezi ikapita. Picha ilikaa ukutani kwa mkubwa wetu, na watu waliokuja kupiga za vitambulisho walisimama mbele yake wakijadiliana kama ni jini au ni malaika. Kila nilipoingia nilikaa nikiipa mgongo. Kila mwanamke wa makamo aliyepita barabarani na kapu nilidhani ni yeye amekuja mjini, ataingia, atainua macho. Nikaanza kusingizia mafua siku za Jumapili. Mwishowe nikamwendea mkubwa wetu siku ya kazi, nikamwomba aiondoe.

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilidhani nitasema kwa ufupi, nikajikuta nimesema yote, mpaka kuku. Yeye alikuwa anachonga penseli yake na hakuacha kuchonga.

"Sasa nitakupa maoni yangu," akasema, "maana sikuyatoa siku ile. Bahari yako ni ya kawaida. Ni nzuri, lakini hata yule mwembamba akipelekwa pale ataipata. Ukimwondoa huyo mama, ni picha ile ile ya Port Victoria. Kilichotufunga midomo ni vile anavyoangalia. Na hicho hukukipata baharini." Akasimama juu ya kiti, akaitoa ukutani, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akanipa. "Mpelekee mwenyewe."

"Yeye si anajua iliungua?"

"Ndiyo. Utamwambia haikuungua."

Sikuwahi kupewa maoni makali kuliko hayo.

Nikaenda Matungu. Miwa iliyokuwa magotini siku ya kikongwe ilikuwa imenipita kichwa pande zote mbili za njia, na nilizunguka mara mbili nikijidai nimepotea. Nilimkuta binti kwenye kigoda mlangoni, amempakata mtoto mchanga. Alifurahi kuniona. Aliniletea kiti, akaita chai. Nikasema sitaki chai, nimekuja na kitu, nikamtolea, na kabla hajakiangalia nikaanza kumwambia. Nilimwambia filamu haikuungua. Nilimwambia habari ya mawe, na wimbi, na kwamba nilijua ni ya ngapi. Nilimwambia ilikuwa mezani siku aliyokuja.

Nilingoja anitukane. Nilitamani sana anitukane. Majirani wangesikia, ningefukuzwa na fimbo, ningerudi mjini nimelipwa changu. Yeye alikuwa hanisikilizi hata. Alikuwa ameinamia picha.

"Macho yako wazi," akasema. "Kumbe ilitoka."

Akaweka kiganja chake juu ya povu, upande huu, kisha upande ule, akijaribu kulifunika lote abaki na uso. Kiganja hakikutosha. Mtoto alinyoosha mkono kuishika karatasi na akamzuia taratibu.

"Huyu tumempa jina lake," akaniambia. "Nilikuwa nasema akikua nitamwonyesha." Kisha akainua uso, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kunibembeleza studio, haina ubaya hata chembe. "Sasa wewe si ni fundi. Hii maji, unaweza kuitoa?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo? Hapa kwa mdomo tu?"

"Hata kidogo."

Alitingisha kichwa kwamba amenielewa. Halafu akashika ncha ya leso yake, akailowesha kwa ulimi, akapangusa mdomo wa mamake pale kwenye karatasi, mara mbili, mara tatu, polepole, kisha akaigeuza picha kwenye mwanga aone kama maji yametoka.